Oili ya Kilomita Thelathini na Nne

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi, gari dogo jeupe la muuguzi Gulsunai lilikuwa limeinuliwa juu ya jukwaa katika gereji ya Fundi Solijon, na nusu ya wauza vipuri wa mji wa Osh walikuwa wameacha meza zao kuja kulichungulia tumbo. Walikuja na bakuli zao za chai mkononi. Mmoja alikuja na mkate mzima kwapani, kama mtu anayejua kwamba mambo hayataisha upesi.

Kapteni Saikal Mamyrova hakuwafukuza. Umati wa gereji huyajua mambo ambayo ofisi ya polisi haiyajui hata kwa barua. Kilichomkosesha raha ni redio ya fundi, iliyokuwa imesema mara mbili kwamba milimani theluji itaanza kabla ya alasiri.

Gulsunai alitoweka Jumatano. Saa kumi jioni alilichukua gari hapa hapa, limebadilishwa oili ya giaboksi. Alipita nyumbani, akapigiwa simu na namba isiyojulikana, akachukua mkoba wa sindano, akamwambia mama mkwe wake kwamba atarudi kabla chai haijapoa. Simu yake haikupatikana tena. Alfajiri ya Alhamisi gari likaonekana mbele ya geti lake, betri imekufa, giaboksi haishiki. Na jirani yake, Kochkorbai, aliapa kwamba saa nne za usiku wa Jumatano alimwona akiliegesha mwenyewe, kisha akielekea mtoni kwa miguu.

Kwa ajili ya kiapo hicho, Kanali, mkuu wa Saikal, alikuwa na wapiga mbizi mtoni tangu jana. Mume wa Gulsunai, Maksat, aliyerudi kutoka Urusi mwezi uliopita na wivu mwingi kuliko mizigo, alikuwa mahabusu.

Saikal alipiga hesabu moja tu kichwani. Kama yuko mtoni, hakuna haraka tena. Kama hayuko mtoni, amelala nje siku mbili, na leo kuna theluji.

"Fungua, Baba Solijon," alisema.

Mzee alifuta mikono yake mara ya tatu. Tangu jana soko zima lilikuwa likinong'ona kwamba oili yake ya bandia ndiyo iliyoua gari, na kwamba gari ndilo lililomuua mwenye gari. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na leo alibadilisha spana mara mbili kabla ya kuigusa nati.

Nati ililegea. Oili ikaanguka ndani ya beseni jeupe.

Ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na ilinuka kama kichwa cha kondoo kinachochomwa manyoya.

"Ee, Solijon!" Mominjon, dereva wa teksi mwenye domo kubwa kuliko honi yake, alidakia. "Dada wa watu alikuletea gari ulibadilishe oili, wewe ukalitilia masizi?"

"Funga mdomo, wewe!"

"Mimi nifunge, na hilo beseni utalifunga na nini?"

Luteni Nurdin, kijana aliyekuwa akiandika kila kitu hata kikohozi, alimsogelea Saikal. "Afande, ni bandia hiyo. Tumchukue na pipa lake."

"Pipa liko wapi?" Saikal alimuuliza fundi.

"Lile pale. Limebaki robo."

"Jumatano, kabla ya Gulsunai, ulimtilia nani mwingine kutoka pipa hilo?"

Solijon aliinua kidole, polepole, na macho ya umati mzima yakakifuata kidole mpaka kikatua kwenye tumbo la Mominjon.

"Mimi?" Mominjon alisema. "Ah. Kweli. Mimi."

"Umetembea kilomita ngapi tangu siku hiyo?"

"Mia nne na kitu. Uzgen mara mbili."

"Lilete gari lako."

Teksi ilikuwa hapo mlangoni, ya aina ile ile, ndogo ile ile. Injini ikawashwa, Solijon akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukigusisha kwenye karatasi nyeupe. Doa likatanda. Jekundu, safi, kama maji ya cheri.

"Haya, Mominjon," mtu alipiga kelele nyuma. "Sasa masizi ni ya nani?"

"Mimi nimesema nini? Nimeuliza tu! Siku hizi hata kuuliza ni kosa?"

Solijon alicheka kama mtu aliyenasuliwa mtegoni. Lakini Saikal hakucheka, na Solijon alipomtazama, naye akaacha. Kama oili ilikuwa njema, basi kuna jambo jingine baya zaidi lililoipika.

"Fungua buti," Saikal alisema.

Kila mteja wa Solijon huondoka na uchafu wake. Fundi asiyekurudishia oili ya zamani kwenye chupa ya maji, Osh nzima itasema hakuibadilisha, alikusimulia tu. Chupa ya Gulsunai ilikuwa ndani ya buti, lita tano, imefungwa kwa gazeti. Solijon aliimimina kidogo ndani ya kifuniko, akakiweka kando ya beseni. Ile ya zamani ilikuwa kahawia. Ile mpya ndiyo nyeusi.

"Hii ya kahawia imekaa ndani miaka minne," alisema mzee, na sauti yake sasa ilikuwa imepata miguu. "Giaboksi ilikuwa imechoka kidogo, sikatai. Ilikuwa inasitasita asubuhi, ndiyo maana alilileta. Nilimgombeza, nikamwambia, binti yangu, wewe muuguzi, unamngoja mgonjwa mpaka azimie? Lakini ilikuwa inatembea. Hii nyeusi haijamaliza siku mbili."

"Na imetembea kiasi gani?"

Nurdin alikuwa ameshaunganisha betri ya kuazima. Kwenye kizingiti cha mlango palikuwa na kibandiko cha karatasi, mwandiko wa Solijon wa Jumatano: 148,212. Mita ya kilomita ilisema 148,246.

"Thelathini na nne," Nurdin alisema. "Oili ya kilomita thelathini na nne haiwezi kuwa hivi."

"Haiwezi ikiendeshwa," Solijon alisema. Alikuwa amekwisha kuifungua sampu, bakuli la oili la chini ya giaboksi, na sasa aliishika ile sumaku ndogo inayokaa ndani yake. Ilikuwa imeota manyoya ya chuma, kama panya. "Sikiliza, mwanangu Kapteni. Hii ni giaboksi ya otomatiki, humu ndani pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu inalala, oili inakaa chini kama supu. Sasa lifunge kamba ulivute. Magurudumu yanazungusha meno, meno yanazunguka makavu, beringi zinalia, kila kitu kinaungua. Magari yetu ya zamani ya Kisovieti ungeyavuta mpaka Tashkent, yakakushukuru. Haya yanakufa njiani."

"Sisi hatukulivuta!" Nurdin aliwahi. "Tulilipakia juu ya lori, mashahidi wapo."

"Hakuna aliyekushitaki, Luteni. Na tazama huku." Solijon aliingiza tochi yake ndogo kwenye giaboksi. "Sahani za klachi zimebabuka. Huyu hakulivuta tu. Alilitia gia akiwa analivuta, ili injini ishtuke iwake, kama tulivyozoea kuyawasha yale mazee betri ikifa. Hili haliwaki hivyo hata ulivute na treni. Mtu wa rika langu huyo, au aliyefundishwa na mtu wa rika langu."

Saikal aliingia chini ya gari. Magari haya huja na pete ya kuvutia, hujificha chini ya zulia la buti pamoja na jeki. Ya gari hili alikuwa ameiona chupa ilipotolewa, kwenye mfuko wake wa kiwandani, haijaguswa. Aliyelivuta hakujua kama ipo. Alifunga kamba kwenye mkono wa gurudumu la mbele, na kamba ikaacha nyuzi za bluu zimekwama kwenye nati. Nyuzi zilikuwa na vumbi jeusi.

"Chuma?" Nurdin aliuliza.

Saikal alisugua vumbi kwenye karatasi, akapitisha ile sumaku juu yake. Vumbi halikushtuka. Akalinusa, akampa Solijon. Solijon hakunusa hata. Alilisugua kati ya vidole, kama kila mwenye jiko hapa mjini anavyofanya mwezi wa Oktoba kabla ya kununua.

"Makaa ya mawe," alisema.

Umati ulisogea. Saikal alitamani wasisogee. Alihitaji kuyapanga mambo kabla hayajamwagika.

Swichi ya taa kubwa ilikuwa imewashwa. Aliiona jana na hakuipa maana. Mwanamke aliyefika nyumbani salama huzizima taa za gari lake. Betri ilikufa kwa sababu taa ziliwaka saa nyingi, na ziliwaka kwa sababu aliziacha ziwake: palikuwa na kitu mbele ya gari alichotaka kukimulika, akijua anarudi sasa hivi. Kisha hakurudi. Gari likavutwa huku betri imekufa, na betri ikifa mita haihesabu. Kwa hiyo zile kilomita thelathini na nne zote zilikuwa za Gulsunai mwenyewe. Ondoa tatu za kutoka hapa hadi kwake.

"Thelathini na moja," alisema. "Kutoka getini kwake, si zaidi. Barabara gani ina makaa ya mawe kwenye kilomita ya thelathini?"

Watu kumi walijibu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walisema neno moja. "Ya machimboni Kara-Dong."

"Na nani mtaani kwa Gulsunai anauza makaa?"

Hapo waliangaliana. Ni Mominjon aliyesema, tena kwa sauti ndogo. "Kochkorbai, dada. Kila mtu ananunua kwa Kochkorbai."

*

Alimpigia Kanali akiwa garini.

"Saikal, nina watu kumi na wawili ndani ya maji," Kanali alisema. "Unataka niwatoe kwa sababu ya harufu ya oili?"

"Shahidi wako anasema aliliegesha mwenyewe. Gari hilo halikuwa na uwezo wa kujiegesha, bwana mkubwa. Lilifika kwa kamba."

"Basi alikosea. Mtu akiwa anatazama gizani…"

"Tafadhali niandalie kikosi cha uokoaji. Wakae tu tayari."

"Niletee mtu mwenye mdomo. Beseni haliandiki maelezo."

Kwa Kochkorbai walikuwa wanaoka sambusa za tanuri. Ua ulikuwa umejaa: mashangazi, binamu, watoto wanaokimbizana kati ya magunia ya makaa, kwa sababu kesho kulikuwa na tohara ya mjukuu. Kochkorbai alikuja amefungua mikono, mtu mnene wa uso mwema, akawaketisha kabla hawajasema salamu ya pili. Mkewe, Zamira, akaleta chai.

"Karibuni, karibuni! Mmempata? Masikini mtoto yule. Alimchoma mama yangu sindano mwaka mzima, hakuchoka hata siku moja."

"Tunarudia tu maelezo yako, kaka," Saikal alisema. "Saa nne za usiku, ulikuwa wapi?"

"Hapo getini. Nilitoka kuvuta sigara."

"Akaja akiendesha."

"Akaja, akaegesha, akafunga mlango. Akanisalimia. Nikamwambia, binti, usiku huu? Akasema anataka hewa."

"Injini uliisikia?"

"Kwa nini nisiisikie? Masikio yangu hayajafa."

"Taa?"

"Akazizima."

Nurdin aliandika. Saikal alikunywa chai. Juu ya ukuta wa ua, upande wa milima, anga lilikuwa limeshakuwa rangi ya jivu.

"Lori lako liko wapi?"

"Nyuma. Lina nini?"

"Kamba yake ya bluu nimeiona nikipita. Nzuri. Nyuzi zake ziko chini ya gari la Gulsunai."

Uso mwema haukubadilika, ila mkono ulikwenda kwenye sukari na ukasahau ulichofuata. "Kapteni, kamba za bluu sokoni ziko elfu. Hata mkwe wako anayo."

"Kweli. Na vumbi la makaa liko kila ua. Tena inawezekana ulilikuta limeharibika njiani, ukamsaidia jirani, ukaogopa kusema."

"Mimi sikumsaidia mtu. Nimekwambia alikuja mwenyewe."

Mlango wa huruma ulikuwa umefunguliwa, na alikataa kuupita. Saikal aliweka bakuli chini.

"Basi nisaidie jambo moja dogo, kaka, halafu nikuache na wageni wako. Kamba huvuta. Haishiki usukani. Wewe ulikuwa kwenye lori mbele. Nani alikuwa amekaa ndani ya gari la Gulsunai?"

"Hakuna mtu! Hakuna gari! Wewe unanisingizia mbele ya watu wangu, kesho nina shughuli…"

Sahani ya sambusa ilianguka.

Zamira hakuinama kuziokota. "Mimi," alisema.

"Nyamaza, mwanamke."

"Mimi nilishika usukani. Sijui kuendesha, Kapteni, hata baiskeli sijui. Aliniamsha usiku, akasema gari la Gulsunai limezimika kule machimboni, yeye ameshapata lifti, tumfanyie wema tumrudishie. Akanionyesha herufi za gia, akasema akipiga honi nisukume hapa, akipiga tena nirudishe. Lilipiga kelele njia nzima, kama mnyama. Nililia mpaka nyumbani." Alikuwa anamtazama mumewe sasa, si polisi. "Asubuhi nikasikia hajarudi. Nikakuuliza. Ukasema alishuka mjini na watu. Nikakuuliza tena jana. Yuko wapi, Kochkor?"

Mtoto mmoja aliokota sambusa iliyovingirika mpaka kwenye makaa.

"Yuko wapi?" Zamira alirudia.

Kochkorbai alikaa chini, juu ya gunia la makaa. Maneno yake yakatoka vipande vipande. Kulikuwa na shimo lake, halina kibali. Kulikuwa na mguu umevunjika humo shimoni, na hospitalini wangeuliza umevunjikia wapi. Akampigia Gulsunai. Gulsunai akaelekeza taa za gari mdomoni mwa shimo, akaingia na mkoba wake. Magogo ya dari yakaachia.

"Nilipiga kelele," alisema. "Wallahi nilipiga kelele. Hakuna aliyejibu."

"Kwa muda gani?"

Alijifuta vumbi la makaa kwenye suruali.

"Ulipiga kelele kwa muda gani, kaka?"

"Mpaka taa zikaanza kufifia," alisema. "Nikaogopa."

Saikal alikuwa ameshasimama, simu sikioni. "Kanali, nina mdomo. Watoe watu wako majini, wape sepetu."

*

Theluji iliwakuta kwenye kilomita ya ishirini. Nurdin aliendesha na pua karibu na kioo. Kochkorbai alikaa nyuma na pingu, akielekeza kwa kidevu. Nyuma yao kulikuwa na gari la uokoaji, na nyuma ya gari la uokoaji, Saikal aliona alipogeuka, kulikuwa na teksi ya Mominjon imejaa wauza vipuri wenye majembe. Nani aliyewaambia? Hakuna. Osh iliwaambia.

Walipoacha lami, Saikal alitazama mita yao, aliyoiandika walipopita getini kwa Gulsunai. Thelathini na nusu. Mita mia tano mbele, palikuwa na alama za lori zilizoganda, na mdomo wa shimo uliozibwa kwa udongo na magogo, mpana kama mlango wa zizi.

Mkuu wa uokoaji alitia bomba la chuma katikati ya magogo, akalipigilia taratibu, akiogopa kila pigo. Kila mtu alisimama pale aliposimama. Theluji ilitua kwenye kofia, kwenye mabega, kwenye majembe, na hakuna aliyejipangusa. Bomba lilizama mita moja, mbili, mbili na nusu, kisha likaenda bure.

Saikal alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye chuma baridi. "Gulsunai! Gulsunai Ergeshova!"

Akageuza sikio. Upepo tu.

"Gulsunai!"

Nurdin aliacha kuandika. Mominjon alivua kofia ili asikie vizuri. Saikal alihesabu moyoni, akafika kumi na tisa, akaanza upya. Siku mbili. Oksijeni. Baridi. Alijua zile hesabu zote, na hakuna hata moja iliyokuwa upande wake.

Bomba lilikwaruza. Kitu kilikuwa kinaligusa kutoka upande wa pili. Kisha ikaja sauti, kavu kama karatasi, sauti ya mwanamke aliyezoea kuamrisha jamaa wa wagonjwa wasimame mbali na kitanda.

"Msichimbe kutoka juu. Dari haishiki. Njooni kwa kushoto."

"Tunakuja! Umeumia?"

"Mkono tu." Pumzi ndefu. "Mna maji ya kutosha? Na machela? Leteni machela mbili."

Saikal alidhani hakusikia vizuri. "Machela ngapi?"

"Mbili. Tuko wawili. Anaitwa Davlat, ana homa, mguu nimeufunga kwa ubao." Sauti ilikatika, ikarudi. "Hakuna aliyewaambia kwamba yupo?"

Saikal aliinua kichwa, akamtazama Kochkorbai ndani ya gari. Siku mbili mji mzima ulikuwa unamtafuta mtu mmoja, na hata kwenye maungamo yake mtu huyu alitaja mguu, hakumtaja mwenye mguu. Kochkorbai alikuwa ameinamisha uso.

"Sasa tumeambiwa," Saikal alisema ndani ya bomba. "Mwambie Davlat tumeambiwa." Kisha akavua koti la kiofisa, akachukua jembe mikononi mwa Mominjon, akaenda kushoto.